Ulikuwa Ukiishi Wapi, Mwanarusi?

Winnipeg,
4 Februari 2024

Mdogo wangu Mbodze,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na Mjomba Kamaludin naye na miguu yake. Bado akataa kwenda kwa daktari? Mwambie avae zile soksi nilizomtumia, si za kuweka kabatini kuonyeshea wageni. Huku baridi ni ya kuuma meno. Nikitoka kazini pua yaniuma kabla sijafika kituoni, na bado watu wa hapa wasema mwaka huu kumekuwa na joto.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Ni kwa ajili ya hati iliyo ndani ya bahasha. Wanataka sahihi ya wino, si picha ya simu.

Ombi langu la ukaazi wa kudumu limerudishwa. Usishtuke, halijakataliwa. Pale pa kujaza nilikoishi miaka kumi iliyopita niliandika tunavyoandika siku zote kwetu: sanduku la posta la Mjomba, Mombasa. Mwaka hadi mwaka, sanduku lile lile. Wamenijibu kwa adabu kwamba sanduku la posta si makao. Wanataka nyumba na namba yake, mtaa, mwezi wa kuingia na mwezi wa kutoka, na nilikuwa nikifanya nini, bila kuruka hata mwezi mmoja. Nilicheka peke yangu jikoni. Namba ya nyumba, Mji wa Kale! Niwaambie nini, ukimpita kinyozi uulize kwa Bi Riziki, sisi tuko orofani?

Nimekuandalia maneno ya kiapo ili usipate taabu. Wewe ipeleke hati kwa wakili yeyote pale karibu na mahakama, utie sahihi mbele yake, agonge muhuri, kisha uitume kwa kampuni ya vifurushi. Inasema tu kwamba niliishi nanyi nyumbani vipindi vyote nilivyokuwa Kenya. Ni mambo ya kawaida, huna haja ya kuyasoma mara mbili.

Wamenipa hadi mwisho wa Agosti. Kibali changu cha kazi kinakwisha Septemba, na kikikwisha kabla hili halijakamilika, nitafunga mizigo nirudi. Sitaki kurudi, Mbodze. Nimeanza maisha mara nyingi mno.

Nibusie Mjomba mkono.

Dadako,
Mwanarusi


Mji wa Kale, Mombasa,
9 Machi 2024

Dada Mwanarusi,

Waaleikum salaam. Sisi tuko salama. Ramadhani inaingia keshokutwa, na hapa chini Bi Riziki ameshaanza kuuliza nani atamkunia nazi. Mjomba amezivaa soksi. Anasema sasa miguu yake ina uraia kabla yako. Shuleni Tudor nimepewa kidato cha tatu, wasichana thelathini wenye maoni juu ya kila kitu isipokuwa kitabu tunachokisoma.

Hati nimeisoma mara mbili. Samahani.

Umekosea mwaka. Umeandika kwamba kuanzia Aprili 2018 ulikuwa ukiishi hapa nyumbani, na kwamba hukuwa na kazi kwa sababu ulikuwa "ukimuuguza mama mzazi hadi kufariki kwake." Dada, Aprili 2018 ulikuwa Doha. Ulirudi Januari 2019, Mama ameshazikwa. Uliingia na sanduku kubwa, ukatuletea tende na manukato, Mjomba akakasirika kwamba ulikataa kupokewa uwanja wa ndege.

Nakumbuka kwa sababu mwaka ule ndio nilioacha chuo. Ulipiga simu ukasema mwajiri amezuia pasipoti yako na mkataba haujakwisha, nami nikarudi kutoka Nairobi kumpeleka Mama kusafishwa damu. Alikuwa akiuliza, "Mwanarusi hajapata ruhusa?" Namwambia bado. Anasema, "Basi msimsumbue, asije akapoteza kazi." Siku aliyofariki, wanawake waliokuja kumwosha waliniuliza mwanawe mkubwa yuko wapi. Nikawajibu yuko Doha, hawezi kuwahi. Hakuna aliyekulaumu. Kwetu maiti haingoji ndege, na kufikia alasiri Mama alikuwa ameshatoka mlangoni.

Rekebisha tarehe, na ile sentensi uitoe. Nitatia sahihi siku hiyo hiyo itakayofika.

Naandika kwa mkono nami, si kwa kukuiga. Kwenye simu ukilia mimi hukubali kila kitu.

Nduguyo,
Mbodze


Winnipeg,
2 Aprili 2024

Mbodze mpenzi,

Ramadhani njema, au iliyobaki. Nimefuturu leo kwa supu ya kopo na tende za dukani, nikazikumbuka kaimati zako zilizopinda. Mpe pole Bi Riziki, nimesikia ameanguka ngazini. Ngazi zile zimeshawaangusha watu wengi, mwambie zinamjua sasa.

Tarehe si makosa. Nilirudi Aprili. Muhuri wa uwanja wa ndege uko kwenye pasipoti na wao watauona, siwezi kusema nilikuwa Doha. Nilikaa Nairobi nikitafuta kazi nyingine. Niliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Usiniulize zaidi ya hapo, ni mambo ya zamani na hayamsaidii mtu.

Nairobi nilikuwa nikihamahama kwa watu, sina nyumba ya kuiandika. Ndiyo maana nimeandika nyumbani. Nyumbani ni nyumbani hata kama mtu hayupo, au sivyo?

Pia nahitaji picha za kurasa zote za pasipoti yangu ya zamani. Niliiacha kwa rafiki yangu, Janet Mumo. Anafanya kazi ofisi za bandarini na anakaa Kizingo, hapo karibu tu na nyumbani, kwenye zile fleti nyeupe zilizo nyuma ya shule ya watoto, orofa ya kwanza. Nitamwambia utakwenda. Chukua pasipoti, shukuru, ondoka. Janet ana maneno mengi. Akikukaribisha chai utatoka kumekucha.

Nakuomba, mdogo wangu. Muda unakwenda.

Mwanarusi


Mji wa Kale,
18 Mei 2024

Dada,

Idi ilipita vizuri. Mjomba alichinja mbuzi na jirani, wakagombana juu ya ini, wakapatana kabla ya adhuhuri. Bi Riziki sasa anatembea na bakora na anaitumia zaidi kupigia paka. Wasichana wangu wamefanya mtihani wa kufungua muhula. Mmoja ameandika kwamba msaliti wa kweli ni yule anayekusalimia vizuri. Nimempa alama zote.

Picha za pasipoti nimezituma kwa simu leo, kurasa zote. Umeshaziona.

Janet alinikaribisha chai. Nilikunywa.

Nina swali moja. Siku Mama alipofariki ulikuwa wapi? Sisemi mwezi gani ulikuwa mji gani. Nauliza siku ile. Ukinijibu hilo nitajua la kutia sahihi.

Mbodze


Winnipeg,
10 Juni 2024

Mdogo wangu,

Sikusalimu kwa urefu leo. Mjomba nimeongea naye Ijumaa, sauti yake ni nzuri.

Kwa hivyo Janet amekwambia. Sawa. Nilikuwa Kizingo.

Nilipokuwa Doha nilijuana na mtu wa huko kwetu, Hussam, ana magari ya kukodisha. Ana mke na watoto Nyali. Aliniambia nirudi atanioa, na akanioa, kwa shekhe na mashahidi wawili ambao sikuwajua. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba jamaa zangu wasijue mpaka yeye mwenyewe amwambie mkewe. Akanipangia fleti ile. Kila mwezi alisema mwezi ujao. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilimwamini kama unavyoamini dawa. Januari akaniacha, na ndipo nikaja nyumbani na lile sanduku. Tende nilizinunua hapo hapo sokoni Marikiti. Nakwambia yote sasa, hakuna tena lililobaki.

Siku ile Hussam alinifungia. Alichukua ufunguo. Nililia mlangoni mpaka sauti ikakauka. Ungetaka nifanye nini, niruke dirishani?

Sasa uelewe kwa nini siwezi kuandika Kizingo. Nilipoomba kuja kusoma huku, palipouliza kama nimewahi kuolewa niliandika hapana. Hapakuwa na cheti, nikaona haihesabiki. Nikiandika Kizingo wataniuliza nyumba ni ya nani, nani alikuwa akilipa, na uwongo ule wa kwanza utatoka. Anayekutwa na uwongo hufungiwa miaka, Mbodze. Sentensi moja tu. Hakuna anayeumia. Mama amelala, Hussam hajali, na wewe unapata dada mwenye karatasi ambaye kesho anaweza kukuvuta huku.

Tia sahihi. Nakuomba kwa jina la Mama.

Mwanarusi


Mji wa Kale,
29 Juni 2024

Mwanarusi,

Sote wazima.

Nilitaka kukuandikia siku ile ile barua yako ilipofika, nikaacha, kwa sababu kila nilichokiandika kilikuwa kelele. Sasa nimetulia kiasi. Nitakueleza jinsi nilivyokunywa ile chai.

Janet alinifungulia mlango akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Wee! Kumbe mdogo ndiye mrefu?" Akanivuta ndani. Ni mtu mwema, na ni kweli ana maneno. Alinipa pasipoti ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akanimiminia chai ya maziwa, akanionyesha dari: "Dada yako alikuwa hapo juu yangu. Nilikuwa najua ameamka nikisikia viatu."

Nikamuuliza, alikaa muda mrefu? Sikumuuliza kwa ujanja. Nilidhani atasema wiki mbili, kabla ya kwenda Nairobi.

"Karibu mwaka, na yule bwana yake wa kuja na kuondoka! Mpaka nikamzoea. Aki nilimhurumia vile mama yenu alifariki."

Nikasema, alikuwa amekwambia?

"Si mimi ndiye nilikuwa naye? Mjomba wenu alimpigia asubuhi, nikasikia kilio nikapanda mbio. Nikamwambia vaa twende, nitakusindikiza, kazini nitaeleza. Akavaa buibui. Nikaita tuk-tuk, ikaingia mpaka hapo getini. Akashuka ngazi, akaketi ndani, nami nikaketi kando yake. Dereva anauliza, tunaenda Mji wa Kale upande gani? Dada yako anaangalia geti. Dereva anauliza tena. Mwisho akasema, 'Janet, nitawaambia nimetoka wapi?' Akashuka. Akapanda juu. Mimi nikamlipa yule dereva kwa kumpotezea wakati."

Nikamuuliza, na mumewe?

"Yule? Alikuwa Dubai, alikuwa ameenda kununua magari. Hata hakujua mpaka wiki iliyofuata. Hakuna mtu alimzuia, mama. Mimi nilimwambia, kama ni haya, funika uso uingie na wanawake, nani atakujua? Akakataa kabisa."

Janet hakuwa akikuchongea. Alikuwa akilia. Alidhani tulishayazungumza zamani, wewe na mimi, kama watu wanavyozungumza wakiwa ndugu. Alipoona uso wangu akaweka kikombe chini na kusema, "Yesu wangu, nimefanya nini."

Kwa hivyo nilikuwa nayajua haya nilipokuuliza lile swali. Nilikuuliza ili uniambie wewe. Nilikuachia mlango wazi, nawe ukajifungia, ukampa Hussam ufunguo.

Simtetei Hussam. Ningemkuta ningemtemea mate. Ningekusamehe yeye, ningekusamehe nikaha ya siri, hata zile tende, tulizozila hapa tukisema za Doha zina utamu wake. Kosa la mtu aliyependa vibaya nalielewa. Lakini kutoka getini kwenu mpaka kwetu Mama alikuwa akipelekwa na kurudishwa na mimi, tukipita barabara ile ile, maana hospitali tuliyokuwa tukienda iko upande wenu. Huenda tulipita chini ya dirisha lako na kichwa chake kiko begani kwangu. Alikuwa akiniambia nisikusumbue.

Na sasa unataka niende mbele ya wakili, niinue mkono, niape kwamba wewe ndiwe uliyekuwa naye. Katika maneno yote uliyoweza kuyatunga kujaza miezi ile, umechagua yangu. Ungeandika ulikuwa mgonjwa. Ungeandika ulikuwa ukitafuta kazi, na isingekuwa mbali na kweli. Umekwenda moja kwa moja ukachukua kitu kimoja nilichonacho mwaka ule.

Sitii sahihi.

Nimefanya jambo jingine. Ndani ya bahasha utakuta kiapo nilichokiandika mwenyewe, kina muhuri. Kinasema kwamba tangu Aprili 2018 hadi Januari 2019 dada yangu hakuishi nyumbani kwetu, aliishi Kizingo, na kwamba jamaa yake hatukujua. Janet ameandika chake, kama jirani. Sikuvituma kwao. Nimekutumia wewe. Vipeleke, na pamoja navyo uwaeleze mwenyewe kuhusu Hussam na lile neno "hapana." Mwanasheria wa huko atakuambia lipi bora, lakini mtu anayejirekebisha mwenyewe hawi sawa na anayeshikwa. Nitakusaidia kumlipa. Nimeongea na Janet, naye atatoa.

Hiyo ndiyo njia ambayo naweza kukushika mkono. Nyingine sina.

Mbodze


Winnipeg,
3 Agosti 2024

Mpenzi Mbodze,

Natumai mko wazima. Huku sasa ni kiangazi, jua halizami mpaka watu wamechoka nalo. Nimepanda mchicha kwenye ndoo ukaota. Kazini wamenipa zamu za mchana, alhamdulillahi, nalala kama watu. Bi Riziki mpe salamu zangu na umwambie paka wa watu wasipigwe.

Usijishughulishe tena na zile karatasi. Zimeshakamilika.

Wakati mwingine natamani ungekuwa umezaliwa kwanza wewe.

Wako,
Mwanarusi


Mji wa Kale,
30 Novemba 2024

Mwanarusi,

Mjomba amenionyesha ujumbe wako kwamba umekubaliwa. Alinionyesha na picha yako umeshika ile barua, koti jekundu limekupendeza. Hongera. Sisemi kwa kejeli. Usiku wa Septemba nilikuwa nikiamka na kuwaza unafunga mizigo.

Sikuuliza ulipata wapi kiapo. Mjomba ndiye aliyeniambia, tena kwa furaha, akidhani najua. Ulimpigia mwezi wa saba, ukamtumia maneno yale yale, naye akaenda kwa wakili na bakora yake na soksi zako.

Nikamwambia, "Mjomba, lakini Mwanarusi hakuwepo. Wewe ndiye uliyempigia Doha asubuhi ile."

Akanijibu, "Mwanangu, nilipiga namba. Doha sikuiona." Kisha akacheka, akanipiga piga bega. "Zile ni karatasi za serikali za watu. Mama yenu angekuwa hai angemtilia sahihi yeye mwenyewe. Wewe una elimu, wataka kumfunga nduguyo kwa sentensi?"

Nikamchukulia kikombe chake. Kizingo sikumwambia. Sijui kama nilikuwa nikikuhifadhi wewe au nikimhifadhi yeye.

Jana tulimsomea Mama hitima, ni miaka sita. Walikuja jamaa kutoka Kwale, na wale wa Lamu ambao hatukuwaona tangu zamani. Baada ya chakula watu wa nyumbani tulibaki ukumbini, na yule shangazi wa Lamu akauliza habari zako. Mjomba akamwambia umepata makao ya kudumu Kanada. Kila mtu akashukuru. Kisha akaendelea, hakuna aliyemwuliza. Akasema ni radhi za mama. Akasema Mwanarusi aliacha kazi Arabuni akaja kumuuguza mamake, akimbeba kumpeleka hospitali, na ndiye aliyemfumba macho.

Alisema taratibu, macho yamemlegea, kama mtu anayekumbuka. Sidhani alikuwa akidanganya. Ameshaapa, Mwanarusi. Alipoapa akaanza kuyaona.

Shangazi akasema, "Mtoto wa hivyo hapotei." Bi Riziki alikuwepo. Yeye ndiye aliyenishikilia chombo cha maji siku ile tulipomwosha Mama, nikimmiminia. Nilimwangalia. Aliniangalia kidogo, kisha akatazama bakora yake. Hakutaka kumvunjia Mjomba heshima mbele ya wageni.

Nilikuwa nimeshika buli la kahawa. Shangazi akaninyooshea kikombe bila kunitazama, akamuuliza Mjomba, "Na huyu mdogo, wakati ule alikuwa wapi?"

Mjomba akafikiri. "Alikuwa Nairobi," akasema. "Masomoni."

Nikamjazia kikombe. Nikaenda kwa anayefuata.

Ni mimi niliyekuwepo,
Mbodze